Viti Viwili vya Mama Akidi

Basi lilinishusha saa tatu na nusu asubuhi mbele ya jengo la ghorofa nne lililopakwa rangi ya maziwa yaliyochacha. Nilikuwa na begi moja, kamusi mbili na barua. Barua ilisema kwamba kesho yake nitafanya ukalimani katika mkutano wa wakuu wa jimbo na wageni wao, lakini kabla ya hapo nifike mlango namba kumi na saba nikachukue cheti, kwa kuwa hakuna mtu anayeruhusiwa kutafsiri mdomo wa mwenzake katika kumbi za jimbo hilo bila idhini ya Bodi ya Wakalimani.

Nimesubiri mihuri katika nchi nyingi. Mahali pengine wanakupa chai, pengine wanakupa namba, pengine wanakupa mgongo. Kwa hiyo nilipanda ngazi nikiwa nimejiandaa kwa lolote, ila si kwa mlango niliokutana nao. Vibao saba vya shaba vilikuwa vimepigiliwa skrubu, kimoja chini ya kingine, kutoka usawa wa macho mpaka karibu na kitasa: Bodi ya Boila. Bodi ya Mitambo. Bodi ya Wakalimani. Tume ya Mizani. Tume ya Vipimo. Kamati ya Mabango. Kamati ya Taa za Barabarani. Nilidhani nitakuta watu wamebanana humo ndani kama vitabu kwenye rafu, nikabisha kwa adabu.

Alikuwemo mwanamke mmoja.

Miaka hamsini na tisa, miwani imening'inia kifuani kwa uzi mweusi, mikono ya blauzi imekunjwa mara mbili sawasawa. Alikuwa amekaa upande wa dirishani wa meza kubwa. Upande wa pili, mkabala naye, kulikuwa na kiti kingine kitupu, na nyuma yake makabati matano ya chuma. Akaniuliza nataka bodi gani. Nikamwambia. Akainuka, akaizunguka meza bila haraka, akaketi kwenye kile kiti cha pili, akavaa miwani, ndipo akasema, "Karibu."

Nilitaka kukaa alipotoka.

"Hapo hapana, ndugu yangu. Hapo ni pa Mizani. Vuta ile stuli."

Nikavuta stuli. Akanieleza hali ilivyo, kwa utulivu wa daktari aliyekwisha kuzoea habari mbaya. Bodi ya Wakalimani ina wajumbe watano, na ili kikao kihesabike lazima waketi watatu. Hiyo ndiyo akidi. Kikao cha mwisho kilikuwa miaka sita iliyopita. Mjumbe mmoja amehama, mmoja amefariki, mmoja ni mgonjwa, na wawili waliobaki, wakalimani wa lugha nne kila mmoja, hawasemeshani. Cheti hakiwezekani.

"Lakini," akaendelea, "leo mchana Baraza la Jimbo linapitisha sheria ya kupunguza bodi. Wakalimani wanafutwa. Sheria inaanza kazi ikishapigwa muhuri, kama saa kumi hivi. Ikifika saa hiyo hutahitaji cheti. Saa hizi unakihitaji."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema nisubiri.

Ndivyo nilivyomjua mwanamke ambaye jengo zima lilimwita Mama Akidi, hata wale waliokuwa wakubwa wake.

Aliingia humo akiwa na miaka ishirini na minne, mpiga chapa wa bodi moja, ya Boila, yale matangi ya chuma yanayochemsha maji kutoa mvuke. Kila katibu wa bodi nyingine alipostaafu au kuhama, mtu alikuja na faili mikononi akamwambia azishike kwa muda. Mizani ilikuja kwa muda. Ina miaka kumi na tisa sasa. Vipimo ikafuata, na kwa kuwa Mizani hukagua mizani ya masoko na Vipimo hukagua mawe ya mizani hiyohiyo, kila moja ilipaswa kuiandikia nyingine kabla ya kufanya lolote. Mama Akidi aliandika barua ya Mizani upande wa dirishani, akaitia kwenye bahasha, akazunguka meza, akaketi upande wa makabati, akaipasua bahasha kwa kisu, akagonga muhuri wa kupokea, akaisoma mpaka mwisho, akaijibu.

Nilicheka. Yeye hakucheka, ila hakuudhika.

"Nikiandika barua na kuijibu nikiwa kiti kilekile, nitakuwa najijibu mimi," akasema. "Nikihama, inajibu bodi."

Alifundishwa hivyo na mwenyekiti wake wa kwanza, mpima ardhi mstaafu aliyekuwa mkali kama pilipili. Kilichosemwa katika kikao cha bodi ni cha bodi hiyo, na bodi nyingine haina ruhusa ya kukijua mpaka iandikiwe. Kwa hiyo kichwa cha Mama Akidi kilikuwa na vyumba saba na kila kimoja na ufunguo wake. Kwa miaka thelathini na tano hakuna mtu aliyewahi kurekebisha hata mstari mmoja wa kumbukumbu zake za vikao.

Habari za jina lake alinisimulia tarishi, mzee aliyeleta chai. Siku moja shemeji wa mkuu wa jimbo alikuja na wajumbe wawili kupitisha jambo lake haraka haraka. Mama Akidi alifunika kalamu yake, akafumba daftari, akakaa. Saa mbili nzima. Mwishowe ikabidi wamfuate mjumbe wa tatu kwa mng'oa meno, wakamleta taya limekufa ganzi, hawezi kutamka kitu. Kikao kikafanyika, na kumbukumbu zinasomeka mpaka leo: Mjumbe wa tatu alipinga kwa kutikisa kichwa.

"Alipinga?" nikauliza.

"Jambo lilihitaji kura zote tatu, likaanguka," tarishi akasema, akamtazama Mama Akidi kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Nilitarajia kumkuta akiomboleza. Mahali pote nilipopita, mtu anayepunguziwa ofisi hukulalamikia kabla hujamaliza kusalimia. Yeye alikuwa na furaha ya mtu anayehamia nyumba mpya. Mwaka uliopita kila bodi ya jimbo, na zilikuwa arobaini na moja, iliandikiwa fomu yenye swali moja zito: kazi yako inaweza kufanywa na bodi nyingine, na kama ndiyo, ipi? Bodi nyingi zilijibu kwa kurasa ishirini kwamba bila wao jua halitachomoza. Mama Akidi alijaza fomu saba kwa siku saba, bodi moja kila siku, kila moja kwenye kiti chake, kisha akawapelekea wajumbe wakatia saini. Sita zilijibu ndiyo, ila Wakalimani walijibu kwamba kazi yao haifanywi na mtu yeyote na hakuna aliyeumia.

Na aliyekusanya fomu zote arobaini na moja akazigeuza kuwa muswada alikuwa binti yake wa pekee, mwanasheria wa jimbo. Kwa miezi kumi na mmoja mama na mwana walikula meza moja bila kulitaja jambo hilo. Binti hakuonyesha, mama hakuuliza. Walizungumzia mvua, jirani, na goti la baba, ambaye ni mchochea boila wa chumba cha kufulia cha hospitali kuu, mwaka wa ishirini na sita huu.

"Muswada wake wa kwanza," Mama Akidi akaniambia, na kwa mara ya kwanza akaacha kupanga karatasi. "Bodi arobaini na moja zinakuwa kumi na mbili. Mimi natoka nazo mwisho wa mwezi, nimeshaandika barua ya kustaafu. Wenzake walishindwa mara mbili. Yeye ameufikisha."

Saa sita kasorobo tarishi akaleta muswada uliochapwa, bado una joto la mashine. Mama Akidi alinawa mikono kwanza. Kisha akausoma kama alivyofanya kila kitu, bodi moja moja. Akaketi dirishani, akasoma kuhusu Mizani, akatia alama pembeni. Akahama, akasoma kuhusu Vipimo, alama. Akarudi dirishani: kifungu cha tisa, Bodi ya Boila inaingizwa katika Bodi ya Mitambo, na yenyewe itakoma. Akatikisa kichwa kukubali, alama. Akahama tena: kifungu cha ishirini na saba, Bodi ya Mitambo inaingizwa katika Bodi ya Boila, na yenyewe itakoma. Akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ikagusa karatasi.

Haikuandika.

Akafunua kurasa kurudi nyuma. Akafunua mbele. Akasimama, akaanza kuizunguka meza, na katikati ya njia akasita, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti hiki, mwingine juu ya mgongo wa kile. Tarishi aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kumwona amesimama hapo.

"Nimewaua wote wawili," akasema.

Haikumchukua muda kuona ilivyotokea. Jumatatu ya fomu, akiwa Boila, aliandika kwa uaminifu kwamba wao ni bodi ndogo, wana mkaguzi mmoja tu, na Mitambo wanaweza kuwachukua. Jumatano, akiwa Mitambo, aliandika kwa uaminifu uleule kwamba wao hawana hata mkaguzi, na Boila wanaweza kuwachukua. Fomu ya Jumatatu ilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka alipokaa. Hakuitazama kwa sababu ilikuwa ya Boila, na siku hiyo yeye hakuwa Boila.

Mkaguzi huyo mmoja ni fundi mwenye nyundo ndogo na kioo cha mkono. Mara mbili kwa mwaka huzunguka hospitali, viwanda vya mikate na shule za bweni, hugonga boila, husikiliza, huangalia valvu za usalama. Kinachomfungulia mageti ni barua ya Bodi ya Boila. Bodi ikikoma, na iliyomrithi ikikoma siku hiyohiyo, hiyo barua ni karatasi ya kufungia maandazi. Meneja yeyote anaweza kumwambia mkaguzi aende zake, na sheria itakuwa upande wa meneja.

Binti yake alikuja saa saba kumchukua. Suti ya kijivu, nywele zimebanwa nyuma, uso wa mama yake kabisa, kasoro miwani. Kamati ya Baraza ingeketi saa nane, na alikuwa amepanga kwamba Mama Akidi atajwe na kushukuriwa mbele ya watu. Humo ofisini alimwita Katibu.

"Katibu, uko tayari?"

Mama Akidi alimpa muswada, kidole kwenye kifungu cha tisa, kisha kwenye cha ishirini na saba. Binti alisoma.

"Fomu zako sikuzihakiki," akasema taratibu. "Za wengine wote nilizihakiki mara tatu. Zako, nilisema hizi ni za Mama Akidi, nikanakili tu."

"Si ulipaswa kuhakiki?"

"Nani katika jengo hili anahakiki karatasi yako?"

Kisha binti akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, hatari iliyokuwepo. Katika kamati kulikuwa na mheshimiwa mmoja ambaye ndugu na rafiki zake walikuwa wenyeviti wa bodi tano. Alikuwa akitafuta kosa moja tu, moja, aseme muswada umeandikwa kwa pupa na urudishwe. Ukirudishwa safari ya tatu, hautafika tena. Kulikuwa na njia nyepesi: kumwambia karani wa Baraza kwamba mpiga chapa amekosea, kifungu kibadilishwe kimyakimya, watu wasijue hili wala lile.

"Mpiga chapa amekosa nini?" mama yake akauliza.

Binti akaukunja muswada, akaukunjua.

"Nilijiambia nitatoka hapa bila doa," Mama Akidi akasema. "Nilishaipangia hata hotuba. Sasa nikae nishukuriwe, halafu kesho nani anamkagulia baba yako boila yake?"

Hapo binti akasahau kumwita Katibu. "Mama, wakiuangusha?"

"Wakiuangusha tutaurudisha. Boila haingoji."

Nilikaa nyuma ya ukumbi, karibu na mlango. Kamati ina wajumbe kumi, akidi saba. Siku hiyo walikuwa saba kamili, yule mheshimiwa akiwa mmojawapo, bwana mnene mwenye koti la gharama alilolitundika mgongoni mwa kiti. Binti alianza kueleza muswada, na alipofika kifungu cha tisa akasema kuna kosa, na kwamba ni lake. Kabla hajamaliza mama yake alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, naomba isirekodiwe hivyo. Kosa ni la katibu wa bodi zote mbili. Ni langu."

"Mwanasheria ndiye aliyeandika," binti akasema.

"Aliandika nilichompa."

Mwenyekiti wa kamati, mwanamke aliyekuwa mwalimu mkuu zamani na aliyebaki na jicho la mwalimu mkuu, aliwaomba wasigombee, akasema kosa linawatosha wote wawili. Watu wakacheka. Mheshimiwa hakucheka. Alijiweka sawa kitini kama mtu aliyeletewa sahani aliyoagiza. Alisema anamheshimu sana Mama Akidi, nani asiyemheshimu, na ndiyo maana anauliza: ikiwa katibu bora kuliko wote amechanganyikiwa na muswada huu, si ushahidi kwamba umekwenda mbio mno?

Mama Akidi alivua miwani.

"Mheshimiwa, tazama vizuri. Bodi mbili, kazi moja, katibu mmoja, meza moja. Zimeandikiana miaka yote hii, na siku ya maana kuliko zote hakuna iliyojua mwenzake amesema nini. Nami nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Sikuruka hatua hata moja. Kama hiyo si sababu ya kuziunganisha, basi sijui sababu inafananaje."

Mtu mmoja nyuma akapiga meza, na mwingine. Mwenyekiti akauliza ibaki bodi ipi. Mama Akidi akasema hawezi kujibu akiwa hapo aliposimama, akaomba kiti cha pili. Walidhani anatania. Tarishi alikwisha kukileta.

Akaketi kwenye cha kwanza, akasema kwa niaba ya Bodi ya Boila: tuna mkaguzi, tuna nyundo, tuna orodha ya boila mia mbili na nne, na miaka ishirini na miwili haijapasuka hata moja. Akahama. Kwa niaba ya Bodi ya Mitambo akasema: hatuna mkaguzi, tumepokea hoja ya wenzetu, tumeisikia, tunaomba kupumzika. Nimefanya ukalimani mbele ya mabalozi waliosema mambo makubwa zaidi ya hayo, na hakuna aliyeniaminisha namna ile kwamba aliyeongea kwanza na aliyejibu ni wawili.

Wakati watu wakiwa bado wanatabasamu, mheshimiwa aliinuka, akatoka.

Mwenyekiti hakuona, au alitaka asione. Akaita kura kwa marekebisho na kwa muswada mzima. Mikono ikaanza kupanda. Nilimwona Mama Akidi akihesabu vichwa. Nilimwona akimaliza, na nilimwona binti yake akimtazama, naye anajua mama amehesabu nini. Hakuna mtu mwingine ukumbini aliyekuwa akihesabu. Kunyamaza kwa pumzi mbili tu kungetosha muswada upite.

"Mwenyekiti," Mama Akidi akasema, "akidi haipo. Mko sita."

Mikono ikashuka. Binti alifumba macho, kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akachukua kalamu yake na kuifunika. Mama naye akafunika yake. Wakakaa.

Dakika kumi. Kumi na tano. Mwenyekiti alimtuma tarishi, akarudi akasema mheshimiwa amesimama kando ya gari lake, hataki kurudi. Kanuni ilisema nusu saa ikipita kikao kinavunjika na muswada unarudi ulikotoka. Kwenye dakika ya ishirini na nne mlango wa nyuma, uliokuwa karibu nami, ukafunguka polepole, akaingia mheshimiwa akinyata kwa vidole. Aliinama nyuma ya kiti chake. Funguo za gari zilikuwa kwenye koti.

Mkono wake ulikuwa ungali mfukoni mwa koti Mama Akidi aliposema, kwa sauti ileile aliyoitumia miaka thelathini na tano:

"Akidi imetimia."

Nyundo ya mwenyekiti ikagonga kabla mheshimiwa hajanyoosha mgongo. Alikuwa muungwana kwa kiasi chake. Alikaa, akapiga kura ya hapana, akaondoka na koti. Sita kwa moja. Saa tisa na nusu Baraza zima likapitisha, na saa kumi na dakika ishirini muhuri ukagongwa.

Nilimfuata mlango namba kumi na saba kuchukua begi langu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na bisibisi, anafungua vibao, kuanzia cha chini. Taa za Barabarani. Mabango. Kila kimoja alikifuta kwa kitambaa kabla ya kukilaza mezani. Binti alikaa kwenye kiti cha dirishani, na hakuna aliyemwambia atoke, akiandika hati ya makabidhiano ya mihuri sita, mama yake akimtajia namba za faili kwa kichwa. Mama aliisoma hati hiyo. Kisha akampa binti aisome naye, neno kwa neno, na binti akaisoma, akakuta namba moja ya faili imekosewa.

"Umeona?" Mama Akidi akasema, akairekebisha namba kwa kalamu yake. "Huyu ndiye atakayehakiki karatasi za jimbo hili. Mimi nimepatikana na kosa mara mbili kwa siku moja, na aliyenipata wa pili ni mwanangu."

Cha Boila alikiacha mlangoni. Kilikuwa juu ya vyote, na sasa kilikuwa peke yake, na chini yake madoa sita ya rangi ambayo haikuwahi kuona jua. Akakaza skrubu zake nne, ingawa hazikuwa zimelegea.

Simu ya binti ikalia. Ni baba, anatoka zamu, anauliza kama wamefutwa au wamesalia. Binti akamwambia mkaguzi atakuja Jumatatu kama kawaida, ajiandae kufokewa. Nilisikia kicheko cha mwanamume kikitoka kwenye simu.

Mama Akidi akachukua mkoba wake, akaniachia bisibisi nimpe tarishi. "Bodi ya Wakalimani haipo tena," akaniambia. "Kaa popote unapotaka."

Wakashuka. Nilibaki na begi langu na ile meza, na mkutano wangu ulikuwa kesho yake. Kutoka kwenye ngazi nilimsikia akimwambia binti asome tena kifungu cha tisa kilichorekebishwa, kwa sauti, mpaka nukta. Binti akaanza kusoma. Walikuwa wamefika ghorofa ya chini na alikuwa bado anasoma.